Kabla Yonathani Hajaenda Vitani

Masomo: 1 Samweli 20:12-17, 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9:1-13, 2 Samweli 19:24-30



Kuna maombi ambayo watu hawayaleti madhabahuni. Mzazi huyaomba usiku akiwa peke yake, akimaliza anapangusa macho na kulala. Anasema: "Bwana, nipe niishi siku moja tu zaidi ya mtoto wangu." Ukiyasikia mara ya kwanza unashtuka. Ni mzazi gani huyu anayeomba amzike mtoto wake? Lakini mzazi mwenye kijana wa usonji anajua anachosema. Haombi mtoto afe. Ana swali ambalo hajapata wa kumjibu: nikienda mimi, nani atabaki na huyu?

Mtoto akiwa na miaka 6, watu wanamhurumia. Wanampa peremende, wanamwita malaika. Akifika miaka 16 ana ndevu, ana nguvu, sauti imekuwa nzito. Wale waliokuwa wakimbeba mgongoni sasa wanavuka barabara wakimwona. Shule inakaribia kuisha. Mama naye magoti yameanza kuuma, na bado ndiye anayemwogesha. Baba anahesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu. Hakuna anayesema, lakini wote wawili wanaliwaza lile lile.

Leo nataka tuliseme, kanisani, mchana, kwa sauti.

Kabla sijaingia kwenye Neno, niweke jambo moja wazi. Usonji si pepo. Si laana ya ukoo, si uchawi wa jirani, wala si malipo ya dhambi ya mama. Ni namna ubongo wa mtu ulivyojengeka tangu utotoni, na unagusa jinsi anavyoongea, anavyosikia, anavyokaa na watu. Kuna wenye usonji wasiosema neno hata moja, na kuna walio na digrii. Wanafunzi walipomwona yule kipofu katika Yohana 9, walimuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Basi kama Yesu alifunga hiyo faili, wewe unaifungua kwa mamlaka gani? Mwambie jirani yako: faili ilifungwa!

Na tunaamini Mungu anaponya. Tutaendelea kuwawekea mikono watoto wetu. Lakini leo nahubiri juu ya kupanga, na nitawaonyesha kwamba kupanga si kukosa imani.

YONATHANI ALIFANYA NINI

Mnawajua Daudi na Yonathani. Tukihubiri juu yao huwa tunahubiri urafiki. Lakini soma 1 Samweli 20 kwa makini. Pale shambani, Daudi akiwa mafichoni, Yonathani anamuomba kitu. Anamuomba kwamba hata baada ya yeye kuondoka, Daudi asiache kuitendea wema nyumba yake. Na hawakuachia maneno matupu. Walifanya agano, wakaapa. Ukienda sura ya 23 unakuta wamekutana tena kule msituni Zifu, na wamefanya agano mara nyingine.

Biblia haituambii kama wakati ule Yonathani alikuwa tayari na mtoto. Tunachojua ni kwamba baadaye alienda vitani mlimani Gilboa na hakurudi. Nyumbani alikuwa ameacha mvulana wa miaka 5. Habari ya kifo ilipofika, yaya alimchukua mtoto akakimbia, na katika ile haraka mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Jina lake Mefiboshethi. Hakuwa na usonji; ulemavu wake ulikuwa wa miguu. Lakini swali lake ni lile lile la kijana wetu: baba hayupo, babu hayupo, mali imeenda, mimi nitaishije?

Angalia kilichomwokoa. Haikuwa shamba, maana lilikuwa limeshatoka mikononi mwake. Haukuwa ukoo, maana ukoo wa Sauli ulikuwa umesambaratika. Kilichomwokoa ni mazungumzo ambayo baba yake aliyafanya na mtu mwingine akiwa hai na mwenye nguvu zake. Miaka ikapita, Daudi akawa mfalme, na siku moja akauliza kama kuna mtu yeyote wa nyumba ya Sauli aliyebaki, ili amtendee wema kwa ajili ya Yonathani.

Ujumbe wangu leo ni huu mmoja: usimwachie mwanao mali bila agano, wala matumaini bila mpango. Katika hadithi hii kuna mambo matano.

1. AGANO LILIFANYWA MAPEMA

Nikiongea na wazazi juu ya wosia, jibu la kwanza huwa ni, "Pasta, usiniitie kifo." Wengine wanasema, "Bwana atatoa." Amina, Bwana atatoa! Lakini huyo Bwana aliyetoa kondoo kwa Ibrahimu ndiye aliyemwambia Nuhu ajenge safina kabla ya tone la kwanza la mvua. Yusufu aliona njaa ikiwa mbali miaka 7, akajenga ghala. Na Bwana wetu mwenyewe, akiwa msalabani, na misumari mikononi, alipanga mama yake atakaa wapi. Alimkabidhi kwa Yohana, na tangu saa ile yule mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Kama Yesu, aliyejua atafufuka siku ya tatu, alipanga makao ya mtu aliyemtegemea, wewe na mimi tusipange kwa sababu gani?

Sasa agano ni tofauti na kudhania. Familia nyingi zina dhana. "Dada yake atamtunza." Umemuuliza dada yake? Ana miaka 19, ana ndoto zake, kesho ataolewa Kitale au apate kazi Qatar. "Ndugu yake mkubwa yupo." Umekaa chini na yeye na mkewe mkaongea? Mzigo ambao mtu hakuulizwa ataubeba kwa manung'uniko, na kijana wako ataisoma hiyo sura kila asubuhi. Yonathani hakudhania. Aliongea, akasikia jibu, wakaapa.

Na muulize kila mmoja kile anachoweza. Huyu hawezi kuishi naye lakini anaweza kumpeleka kliniki. Yule hana pesa lakini anaishi karibu, anaweza kupita kila jioni. Mkono mmoja haulei mwana, na haumtunzi mtu mzima pia.

Akina baba, hapa niwaguse kidogo. Katika nyumba nyingi anayejua dawa, daktari na mwalimu wa mtoto huyu ni mama peke yake. Wababa wengine wamehama kabisa. Lakini katika somo letu aliyefanya agano kwa ajili ya nyumba yake ni baba. Simama kwenye nafasi yako.

2. SHAMBA LILIRUDISHWA

Daudi hakumpa Mefiboshethi maneno ya faraja tu. Alimrudishia mashamba yote ya Sauli. Wema wa Biblia una hesabu ndani yake, na mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nivumilieni tupige hesabu.

Tuseme kijana wako, chakula, sabuni, nauli, dawa na mtu wa kumsaidia, anahitaji shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180,000. Ukiondoka yeye akiwa na miaka 30 na akaishi hadi 70, hiyo ni miaka 40: milioni 7.2, na hatujaweka kupanda kwa bei. Ukiiona hiyo namba unafunga daftari. Ndiyo maana watu hawapangi. Wanauangalia mlima wote kwa mara moja.

Sasa tuugawe mlima. Una kaploti. Badala ya kujenga nyumba kubwa ya kuonyesha watu, unajenga nyumba ndogo yake na vyumba viwili vya kupangisha, kila kimoja 4,000. Hiyo ni 8,000. Kijana mwenyewe akijifunza kufuga kuku, kusafisha mahali au kupanga bidhaa dukani, alete 2,000. Imebaki 5,000. Watu watano waliofanya agano nawe, kila mmoja 1,000 kwa mwezi. Mlima umekuwa meza. Kuna miezi chumba kitakaa bila mpangaji na kuna mwaka paa litavuja, kwa hivyo weka akiba. Lakini kodi ya nyumba hupanda bei zikipanda, na pesa taslimu iliyolala tu huliwa na wakati.

Halafu kuna karatasi. Pesa nyingi za wazazi hupotea kwenye karatasi, si sokoni.

Wosia. Chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya, mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia, akautia sahihi, na mashahidi wawili wakatia sahihi. Shahidi asiwe mtu anayerithi. Mtoto mwenye ulemavu ni mtoto kama wengine. Hakuna sheria inayosema apewe kidogo kwa sababu "hatajua kutumia". Anayewaacha watu wanaomtegemea bila kitu, mahakama inaweza kuingilia mgawanyo huo.

Sacco na pensheni. Nenda uangalie fomu uliyojaza mwaka ule unajiunga. Jina lililoandikwa pale ni la nani? Wengine bado wameandika jina la mama yao aliyeaga kitambo. Fomu hiyo ndiyo itaongea siku hutakuwepo.

Miaka 18. Kijana akifikisha 18, sheria inamwona mtu mzima. Benki na hospitali zinaweza kukuuliza unasaini kwa niaba yake kama nani. Mchukulie kitambulisho. Kama hawezi kabisa kusimamia mambo yake, kuna njia ya kuomba mahakama imteue mtu wa kumsimamia yeye na mali yake. Mwone wakili mapema, akiwa bado na 16 au 17, si siku ya dharura.

Usajili. Msajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lile tunaloliita NCPWD. Utaanza na kupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali inayofanya kazi hiyo. Kadi hiyo hufungua milango. Mwenye ulemavu anayefanya kazi anaweza kuomba KRA msamaha wa kodi kwa mapato yake hadi 150,000 kwa mwezi. Na kwa familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali kuna mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Muulize chifu kuhusu kuandikishwa. Haya si matendo ya huruma ya mtu fulani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inatambua haki na heshima ya mtu mwenye ulemavu.

Na wewe unayesema, "Pasta, mimi ni mama mboga, sina ploti wala pensheni," nisikilize. Mefiboshethi aliporithi shamba, shamba lilifuata agano, halikulitangulia. Anza na agano. Anza na watu watano.

3. SIBA ALIHITAJI KUANGALIWA

Daudi alijua Mefiboshethi hawezi kulima. Akamweka Siba, mtumishi wa zamani wa Sauli, mwenye wana 15 na watumishi 20, alime shamba na kuleta mavuno. Kwa lugha ya mawakili, Siba alikuwa mdhamini: mali si yake, kazi ni kuisimamia kwa faida ya mwingine.

Mpango mzuri sana. Ulikuwa na shimo moja: Siba alikuwa peke yake. Hakuna aliyemkagua. Fungua 2 Samweli 16 uone. Siku Daudi anamkimbia Absalomu, Siba anakuja na punda na mikate 200, anamwambia mfalme kwamba Mefiboshethi amebaki mjini akitamani ufalme. Daudi, kwa ile haraka, anampa Siba mali yote. Kwa mazungumzo ya dakika chache, mlemavu amepoteza shamba lake.

Kina Siba wako hata leo. Mjomba anahamia kwenye ile nyumba "kumwangalia kijana", baada ya mwaka kijana analala kwenye stoo. Binamu anajua namba ya siri ya M-Pesa yake. Jirani anamfanyia sahihi kwa kidole gumba.

Kwa hivyo usiweke mdhamini mmoja. Weka wawili au watatu, na wasiwe wote wa nyumba moja. Mmoja awe wa ukoo, mmoja awe wa nje ya ukoo. Anayekaa na kijana asiwe ndiye peke yake anayeshika pesa. Hesabu zisomwe angalau mara moja kwa mwaka mbele ya watu. Kwa wenye mali kidogo ya maana, sheria yetu inaruhusu kusajili hazina ya familia, ile mawakili wanaiita trasti, ambapo mali inashikiliwa na wadhamini kwa ajili ya kijana. Pale hata mtu akimdanganya kijana aweke sahihi, hawezi kuuza kile ambacho hakiko kwa jina la kijana.

Hakuna anayesema ndugu zako ni wezi. Hata hapa kanisani sadaka huhesabiwa na watu zaidi ya mmoja, si kwa sababu mashemasi ni wezi, ila kwa sababu uaminifu unapenda mwanga.

4. MEFIBOSHETHI ALISEMA MWENYEWE

Daudi alipoletewa Mefiboshethi mara ya kwanza, alimwita kwa jina lake. Kule nyuma Siba alipoulizwa kuhusu yeye, hakutaja jina. Alisema kuna mwana wa Yonathani aliyelemaa miguu. Kwa mtumishi alikuwa ulemavu, kwa mfalme alikuwa na jina.

Na lile kosa la sura ya 16 lilitokea kwa sababu Daudi alisikiliza tu anayemsemea. Sura ya 19, Mefiboshethi anakuja mwenyewe. Hajakata ndevu, hajafua nguo tangu mfalme aondoke. Anaeleza kwamba alitaka kutandika punda aende na mfalme, lakini mtumishi wake akamdanganya na kumsingizia. Ukweli ulipatikana siku mwenye jambo alipopewa nafasi ya kusema.

Mzazi, umemuuliza kijana wako anataka nini? Unaweza kusema, "Pasta, yeye haongei." Haongei kwa mdomo, lakini anaonyesha. Anayekimbilia jikoni ukipika anakuambia kitu. Anayeziba masikio sokoni anakuambia kitu. Kuna wanaoonyesha picha, kuna wanaoandika kwenye simu. Na yule anayeongea, asikatiwe maneno. Labda anataka kazi, labda anataka kukaa chumba chake, labda siku moja atataka kuoa. Mefiboshethi alikuwa na mtoto wake, Mika. Sura ya 9 haikusahau kutuambia.

Kwa hivyo, mfundishe. Kila kitu anachojifunza leo ni kitu ambacho mtu mwingine hatahitaji kumfanyia miaka 40. Kuoga mwenyewe. Kunyoa. Kuwasha jiko bila kujiunguza. Kujua nani anaruhusiwa kumgusa na nani haruhusiwi. Kupanda matatu moja anayoijua. Vituo vya EARC, ambavyo vimekuwepo nchini tangu 1984, hupima watoto na kuwaelekeza shule zinazowafaa, na mtaala wetu wa sasa una njia ya mafunzo ya ufundi kwa wasiofuata mitihani ya kawaida. Usimtoe shule akiwa na miaka 13 ukisema imetosha.

Niwape mfano kutoka mbali. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, wa Baltimore kule Marekani, aliandika juu ya watoto 11 waliokuwa na hali ambayo leo tunaiita usonji. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Donald Triplett, kutoka mji mdogo uitwao Forest, jimbo la Mississippi. Alipokuwa mdogo sana wazazi wake walishauriwa wampeleke kwenye taasisi, wakampeleka, kisha wakamrudisha nyumbani. Baadaye alikaa kwa muda na mkulima na mkewe, ambao hawakupigana na tabia yake ya kuhesabu. Walimpa mistari ya mahindi ahesabu huku akilima. Akaenda chuo, akafanya kazi benki pale mjini kwao, akajifunza kuendesha gari, akatembelea nchi nyingi.

Tusidanganyane, familia yake ilikuwa na pesa, na iliweka trasti ya kulipia mahitaji yake, iliyofungwa vizuri mtu asije akamlaghai. Lakini sikiliza tarehe. Baba yake alifariki 1980, mama yake 1985. Donald alifariki Juni 2023, akiwa na miaka 89. Miaka 38 bila mama! Aliishi katika nyumba ya familia, ndugu yake akimwangalia, wafanyakazi wa benki wakimjua, wenzake wa gofu wakimzoea, mji mzima ukijua huyu ni Donald wetu. Pesa ilifanya sehemu yake. Mji ulifanya sehemu iliyobaki.

5. MEZA

Na hapo ndipo ninapolileta neno hili kwa kanisa lote, hata wewe usiye na mtoto mwenye usonji.

Mwisho wa 2 Samweli 9 unatuambia kwamba Mefiboshethi alikaa Yerusalemu, akala mezani kwa mfalme siku zote, naye alikuwa amelemaa miguu yote miwili. Hakuponywa miguu kwanza ndipo apewe kiti. Alipewa kiti kama alivyo.

Lakini kabla ya meza ya mfalme kulikuwa na meza nyingine. Mefiboshethi alikuwa amelelewa wapi miaka ile yote? Lo-debari, nyumbani kwa mtu anayeitwa Makiri. Hakuwa mfalme. Alikuwa mtu mwenye nyumba na moyo. Ukienda 2 Samweli 17, Daudi akiwa mkimbizi, njaa na uchovu, ni nani anamletea vitanda, vyombo, ngano, maharage? Makiri yule yule wa Lo-debari! Mtu aliyejifunza kumtunza mlemavu aliyesahaulika, siku ya shida akajua pia kumtunza mfalme.

Kanisa, tuwe Makiri. Spika zetu zina nguvu, na sifa zetu tunazipenda. Lakini kuna kijana ambaye ile sauti kwake ni kama msumari sikioni. Akilia, tunageuka wote kumtazama. Sisi tukipiga kelele tunaita ibada, yeye akipiga kelele tunaita usumbufu! Tunaweza kutenga chumba kimoja tulivu karibu na mlango wa nyuma. Wakaribishaji wanaweza kujifunza majina ya vijana hawa. Idara ya vijana isimwache mtu na miaka 22 kwenye Sunday School kwa sababu hatujui tumweke wapi, mpe kazi. Kuna kijana anayeweza kupanga viti 300 kwa mstari ulionyooka kuliko yeyote kati yetu. Mpe viti vyake.

Na zaidi ya yote, tuwe watu ambao mzazi anaweza kufanya agano nao. Ukija kunizika, usiniletee shada. Njoo kwa mwanangu mwezi unaofuata.

WIKI HII FANYA HAYA

1. Andika barua ya mwanao, kurasa mbili au tatu. Anakula nini, hali nini. Dawa gani, saa ngapi. Nini humtisha, nini humtuliza. Nani anampenda. Nakala tatu, kwa watu watatu.

2. Andika majina matano. Waite, mle pamoja, kila mmoja aseme anachoweza. Kijana awepo mezani.

3. Toa fomu za sacco, bima na pensheni kwenye kabati, usome majina.

4. Kama hajasajiliwa na NCPWD, anza. Kama amekaribia 18, tafuta ushauri wa wakili.

5. Andika wosia, uweke wadhamini zaidi ya mmoja.

6. Wewe usiye na mtoto mwenye usonji: chagua familia moja. Jumamosi moja kwa mwezi, kaa na kijana saa tatu, mama alale.

SALA

Baba katika jina la Yesu, tunakuja na wazazi waliochoka kuogopa. Wewe uliyemkumbuka mwana wa Yonathani kule Lo-debari, unawakumbuka wana wetu kwa majina. Wape wazazi ujasiri wa kufungua mdomo wakiwa bado na nguvu. Wape watu waaminifu, na uwafichue kina Siba mapema. Wape vijana wetu sauti, kazi, na nyumba zenye amani. Na sisi kanisa, utufanye meza ambayo haikunjwi mwenye nyumba akiondoka. Amina.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ni dhana gani familia yetu inayo kuhusu nani atamtunza nani, ambayo haijawahi kuongelewa?

2. Mefiboshethi alidhurika pale mtu mmoja aliposhika mali bila kukaguliwa. Tunawezaje kuweka mwanga bila kuvunja upendo wa ndugu?

3. Katika mtaa wetu, ni kijana gani mwenye usonji au ulemavu mwingine tunayemjua kwa hali yake tu, lakini hatujui jina lake? Nani kati yetu ataenda kumsalimia kabla ya Jumapili?